Kiriba Nilichokichana Peke Yangu

Katika mji huu jua halijapiga hatua tangu siku ile. Limesimama utosini kama mtu aliyesahau alichofuata, na sisi tulio chini yake tumejifunza kuupima muda kwa zamu za kivuli. Mti ulio hai ni mmoja tu katika mteremko mzima: mjohoro wenye maua ya manjano, si mkubwa, unaotosha watu arobaini wakibanana. Arobaini huingia, huvuta pumzi mia mbili, hutoka, na arobaini wengine huingia. Hapa mtu haulizwi ana miaka mingapi. Huulizwa amekaa kivulini mara ngapi.

Mti huo ni wangu. Nimeliandika neno "wangu" na mkono umesita, kwa maana sijui kama lipo neno jingine katika lugha yetu linaloniaibisha kuliko hilo.

Desturi ya hapa ni hii: anayepanda mti huandika jina lake kwa wino mzito juu ya kiriba, ule mfuko mweusi wa nailoni ambamo mche hulelewa kitaluni, na kuanzia hapo jina na mti huwa kitu kimoja. Mti ukinyauka, jina nalo hulala. Hakuna atakayekuita tena kwa jina hilo, hata mama yako mzazi, mpaka upande mwingine na ushike. Zamani waliolala majina walikuwa wachache; walitaniwa siku mbili tatu, wakapanda, wakaamka. Lakini siku ile tulipanda miche elfu tisa kwa mkupuo, mji mzima, na miche elfu nane mia tisa tisini na tisa ilikufa. Sasa watu huitana kwa vitu walivyoshika. Kuna Mwenye Mashine, anayesaga nafaka. Kuna Mwenye Vitumbua. Kuna Mwenye Ndoo, ambaye jina lake nalijua vizuri, na sheria inanikataza kuliandika hapa.

Mimi pekee ndiye ninayeitwa. Nyamizi. Watu hulitamka jina langu hata wasipokuwa na haja nami. Mwanamke anayetwanga hulisema katikati ya mapigo ya mchi, Nyamizi, Nyamizi, kama anayeonja kitu alichokikosa siku nyingi. Watoto wanafundishwa kwalo namna jina linavyokaa mdomoni. Wanadhani ninaringa ninapoinamisha uso.

Na leo, katika kivuli cha mti wenye jina langu, wanamhukumu Mwenye Ndoo kwa kosa langu.

Sitaki nieleweke vibaya kuhusu watu hawa. Mvua ilikuwa imeuhama mji wao pasipo kuaga. Ikirudi, ilirudi kwa vishindo vya wiki moja, ikazoa udongo wa mashamba, ikatoweka misimu miwili. Wao hawakukaa kitako wakingoja mtu wa kuwaokoa. Walikuwa wameacha kuchoma mkaa kabla hawajakatazwa na yeyote. Walikuwa wamefinyanga majiko ya udongo yanayoridhika na vijiti vitatu. Na walikuwa na utaratibu walioubuni wenyewe, ambao sijapata kuuona penginepo, walioupa jina la maji ya pili: maji yaliyokwisha kuosha mchele, kunawisha mikono au kusuuza vyombo hayamwagwi. Huwekwa mlangoni katika kopo, na mwanamke mmoja hupita na ndoo nyumba kwa nyumba akiyakusanya, akayapeleke kwenye miti. Kazi hiyo ni heshima. Hupewa mtu mmoja, na huyo mmoja alikuwa yeye.

Mimi nilikuja kutoka chuoni, na daftari na kipaza sauti, kuwafundisha.

*

Siku ile haikupita. Ukishuka mteremko kutoka upande wa mashine ya kusaga, pale njia inapokata kushoto, unaikuta ingali inaendelea. Nimeishuka njia hiyo mara nyingi kuliko nilivyokaa kivulini. Kila mara namkuta msichana yule yule amesimama juu ya kreti ya soda, fulana yake nyeupe haina doa, kipaza sauti kimemfunika nusu ya uso. Najua anachotaka kusema. Nimejaribu kumnyang'anya kipaza sauti hicho. Vidole vyangu hupita katikati ya vidole vyake kana kwamba mmoja wetu ni moshi, na hatujawahi kukubaliana ni yupi.

Mashimo elfu tisa yamekwisha kuchimbwa. Mgeni Rasmi anaitazama saa yake. Mpiga picha amepanda juu ya boneti ya gari. Na msichana, ambaye amelala akiiandaa hotuba na kuamka akiiandaa, amewatangazia watu kaulimbiu ya siku, aliyoitunga mwenyewe na kuipenda mno: kwamba leo kisionekane juu ya ardhi kipande hata kimoja cha nailoni.

Hapo ndipo mwanamke mwenye ndoo anaponyoosha mkono.

"Mwanangu, samahani. Na viriba hivi hatuvichani?"

Kimya. Miche elfu tisa, viriba elfu tisa. Vikichanwa, mteremko utafunikwa na nailoni nyeusi, na upepo upo, na kamera ipo. Katika kimya hicho msichana angeweza kusema, "Tuvichane, tuvikusanye, picha itangoja." Angeweza kusema, "Sijui, nyinyi mwaonaje?" Watu wale walikuwa wamepanda miti tangu kabla hajazaliwa. Lakini kimya kinapoelekezwa kwa mtu aliyeshika kipaza sauti, humfanya aone kwamba jibu lolote ni bora kuliko kukosa jibu. Nalisikia jibu lake kila ninaposhuka.

"Viriba hivi ni vya kisasa. Vinaoza vyenyewe ardhini. Msivichane, mnatuchelewesha."

Hakuwa amesoma hivyo popote. Hakuwa ameambiwa na mtu. Lilimtoka kinywani likiwa limekamilika, lina nukta mwishoni, na watu elfu tisa wakaliamini kwa sababu lilitoka juu ya kreti. Kipyenga kikapulizwa. Wote wakainama.

Naye akashuka, akapiga magoti mbele ya shimo lake, akashika mche wake. Ukucha wa kidole gumba ukatafuta ukingo wa kiriba, ukakichana kutoka juu mpaka chini, katikati ya jina lililoandikwa, kama alivyofundishwa na bibi yake akiwa na umri wa miaka sita. Akaupanda mche. Akaikunja ile nailoni mara nne, akaisukumiza ndani ya jalada la daftari.

Mkono wake haukuuamini mdomo wake. Hilo ndilo jambo nisiloweza kulivuka. Angekosea pamoja nao ningemsamehe. Kukosea pamoja na watu ni namna mojawapo ya kuwa mtu. Lakini alikuwa na kweli mkononi na uongo mdomoni kwa wakati mmoja. Uongo akaugawia umma. Kweli akaitumia peke yake.

Najiuliza, na swali hili ndilo lililonifanya nianze kuandika: tendo jema nililolitenda kwa siri, saa ile ile nilipokuwa nawaamuru wengine wasilitende, je, lingali tendo jema? Mizizi ya mjohoro wangu haina hatia. Kivuli chake ni kivuli kweli. Kinapoza. Watoto hulala ndani yake. Basi kitu chema kinaweza kusimama juu ya shina la aibu na kisiyumbe? Nami niliye shina hilo, nina haki ya kusema nimewapa watu kivuli?

Sina jibu. Na safari hii sitatunga.

Lipo jingine. Msimu wa pili miche ilipoanza kukauka, nilikuja kutoka chuoni nikiwa nimekwisha kusoma kitabuni yatokanayo na mizizi iliyofungiwa. Nilitembea katikati ya mistari ya vijiti vikavu, nikahakikisha sionekani, nikashika mmoja, nikauvuta. Ulitoka bila ubishi. Kiriba kilikuwa kizima, kikavu, kinang'aa. Na ndani yake mizizi ilikuwa imezunguka na kuzunguka, ikajisokota yenyewe kama kamba iliyowekwa stoo. Nilitazama kwa muda wa pumzi tatu. Kisha nikaurudisha shimoni. Nikaukanyagia udongo kwa mguu, taratibu, kama mtu anayepanda.

Niliporudi kwa watu wakaniuliza, "Msomi, ni nini?" Nikasema utafiti unaendelea.

*

Baraza limeamua zamani kwamba hakuna atakayepanda tena mpaka ijulikane kilichoiua miche ya kwanza. Wasipopanda, hawaamki majina. Ndiyo maana leo hawatafuti kulipiza. Wanatafuta ruhusa ya kuwa watu tena. Atakayeonekana ndiye aliyeua atanyang'anywa kazi yake, na hatapanda mti maisha yake yote. Atabaki bila jina hata siku ya kuzikwa.

Mwenye Mashine ndiye anayeongoza. Ana unga kwenye kope na kikohozi cha pumba, na huongea kama anayepima debe.

"Bibi, tusaidie. Maji ya pili yalikuwa yanakwenda wapi?"

"Kwenye miti," anajibu Mwenye Ndoo. Amekaa juu ya ndoo yake aliyoigeuza, miguu ameinyoosha. "Ulidhani nayapeleka harusini?"

Watu wanacheka, kisha wanakumbuka kwamba hawapaswi kucheka.

"Miti elfu tisa. Mmwagiliaji mmoja. Uliopona mmoja. Na huo uliopona si wa Mwenye Vitumbua, si wangu mimi, si wako. Ni wa Nyamizi." Anapolitaja jina langu anapunguza mwendo, kama wafanyavyo wote. "Wewe ungekuwa mimi ungefikiri nini?"

"Ningekuwa wewe ningenawa uso kwanza."

"Bibi."

"Haya, nafikiri."

Mwenye Vitumbua anasimama. Hana uovu, ana binti aliyezaliwa baada ya siku ile, na desturi haimruhusu mama asiye na jina kumpa mtoto jina. Mtoto yuko mgongoni, anaitwa Huyu. "Mimi nilimwona kwa macho yangu haya," anasema. "Kila mti kopo moja. Akifika kwa wa Nyamizi, makopo mawili. Shoga yangu, nakupenda, lakini niliona."

"Uliona kweli," anasema Mwenye Ndoo. "Ule ulikuwa unakunywa. Hiyo mingine nikiimwagia, maji yanasimama juu yananikodolea macho, kama mtu aliyeketi asiye na pa kwenda. Nikarudi baadaye, yapo. Nikasema. Nilisema hapa hapa, zamu ya tano. Mkaniambia niache kujifanya msomi."

"Sasa maji yasiende chini yana nini?" anauliza Mwenye Mashine.

Mwenye Ndoo anageuka. Ananitazama mimi. Hanikodolei macho, wala hanisihi. Ananitazama kama mtu anayemngoja mwenzake amalize kuvaa kandambili ili waondoke pamoja. Nami natambua kwamba ameyashika maneno yangu ya siku ile yote, tangu neno la kwanza mpaka nukta, na kwamba katika miaka mitatu hakuyatoa. Ndani ya begi langu, kwenye jalada la daftari, ile nailoni iliyokunjwa mara nne imeanza kupata joto. Naisikia ikijikunjua. Imekuwa ikifanya hivyo tangu nianze kuja huku: hukua. Kuna siku hunifunika hadi mabegani nikiwa nimelala bwenini, na ninapoamka nakuta nimejikunja, nimezunguka, magoti yamegusa kidevu.

"Kama hakuna la zaidi," anasema Mwenye Mashine, "ndoo iwekwe katikati."

Ndivyo hukumu ifanywavyo: mtu huondolewa anachoitwa kwacho. Mwenye Ndoo ananyanyuka polepole, anajipangusa vumbi, anaigeuza ndoo ikae sawasawa. Anaiweka katikati ya duara. Pale alipokuwa ameikalia, udongo umebaki na alama ya mviringo. Watu wanaitazama alama hiyo. Hana ndoo, hana jina. Kwa pumzi moja hakuna neno hata moja katika mji mzima la kumwitia mwanamke huyo, na naona kingo zake zikianza kufifia, bega, kisha kanga yenyewe, jua likipenya pale alipo.

Nimesema nikiwa nimesimama, ingawa sikumbuki kusimama.

"Si yeye."

"Nyamizi," anasema Mwenye Mashine kwa upole, kwa raha ya kulitamka. "Tunajua una huruma. Kaa, mwanangu."

"Viriba haviozi. Nilisema vinaoza. Sikuwa najua. Niliona Mgeni Rasmi anaangalia saa, nikasema." Sauti yangu bila kipaza sauti ni ndogo kuliko nilivyodhani, waliokaa nyuma wanaulizana, anasemaje, anasemaje. Basi narudia, na kurudia ni kugumu kuliko kusema. "Miti ilifia ndani ya mifuko. Nilijua tangu msimu wa pili. Niling'oa mmoja nikaona, nikaurudisha."

"Na wako?" Ni Mwenye Vitumbua. Hajapandisha sauti. Anamrekebisha Huyu mgongoni.

Natoa nailoni kutoka kwenye jalada. Naikunjua mara moja, mbili, tatu, nne. Ni nyepesi mno. Imechanika katikati ya jina langu, nusu huku, nusu huku, na mchano umenyooka, mchano wa mtu anayejua anachofanya.

"Changu nilikichana."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Miaka mitatu nimelala nikizisikia. Hazikuja. Kilichokuja ni watu arobaini kujitazama viganja, kila mmoja akikumbuka jinsi ukucha wake ulivyougusa ukingo wa kiriba siku ile, ukaacha. Walikuwa wanajua. Niliwafanya wasiamini mikono yao, na hilo, naliona sasa, ndilo nililowaibia kabla ya majina.

"Mti wangu ukatwe," nasema. "Jina mlichukue."

"Ukatwe tukae wapi?" anasema mtu kutoka nyuma, na wengine wanaguna kumwunga mkono.

"Jina halitoki," anasema Mwenye Mashine. Hapimi debe tena; ni mzee aliyechoka. "Sheria ni sheria. Mti uko hai, jina liko hai. Utaitwa Nyamizi mpaka mti utakapokufa wenyewe."

Naelewa kwamba nilitaka kuponyoka. Nilitaka nami niitwe kwa kitu nilichoshika, Mwenye Daftari, nijichanganye na wasio na majina, nionekane mmoja wao. Hata toba yangu ilikuwa inatafuta kivuli.

Yule mwanamke ameinama, ameokota ndoo yake mwenyewe katikati ya duara bila kumwomba mtu, na kingo zake zimerudi mahali pake. Namfuata.

"Mama, kwa nini hukusema? Uliyashika maneno yangu yote."

"Niliuliza mara moja," anasema. "Baada ya hapo ilikuwa zamu yako." Kisha ananikabidhi jembe la mkono, lile la kupalilia bustani, mpini umefungwa kitambaa. "Pale. Mstari wa kwanza, wa tatu kutoka njiani."

Natoka kivulini. Jua linanipokea utosini. Watu wanatoka nyuma yangu, wote, hata ambao zamu yao ndiyo kwanza ilikuwa imeanza, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile kivuli cha mti wangu kinabaki kitupu. Napiga magoti. Udongo ni mgumu juu, chini ni laini, ndani yake hapana hata uzi mmoja wa mzizi. Kijiti kinatoka kwa urahisi ule ule ninaoujua. Kiriba ni kizima. Nakipangusa kwa ukingo wa fulana yangu, ile nyeupe, na chini ya vumbi wino unatokea, mweusi, mbichi, kama ulioandikwa asubuhi hii. Katika kila tulichokipanda siku ile, ni hicho kiriba tu kilichokataa kuoza.

Nakichana. Kuanzia juu mpaka chini, pembeni, nisiliguse jina.

Sheria inakataza. Namtazama Mwenye Mashine. Anafungua mdomo, anakohoa pumba kidogo, anaufunga.

Nasoma kwa sauti, bila kipaza sauti. "Mashavu binti Kapalata."

"Abee," anaitika.

Ameitika kabla hajafikiri, kama aitikavyo mtu aliyeitwa kutoka chumba cha pili. Anasimama pale, ndoo mkononi, akiusikiliza mdomo wake. Nyuma yetu mtoto anayeitwa Huyu anajaribu kuirudia sauti hiyo, abee, abee. Mwenye Vitumbua amekwisha kuanza kuhesabu mashimo, akitafuta la kwake.

Bi Mashavu anageuza shingo, anautazama mteremko wote hadi chini, kisha ananitazama mimi niliyepiga magoti.

"Chimba, Nyamizi," anasema. "Wamebaki elfu nane mia tisa tisini na wanane."